Ukoko wa Boila la Bibi

Fundi alikuja kutazama hita ya bafuni kwangu, hapa Musoma, kwa sababu maji yalikuwa yanatoka vuguvugu na huku yananguruma. Mwanaume mzima, mwenye mvi. Akafunga koki, akafungua nati, akachomoa ile koili ya ndani na kuniwekea mkononi nijionee. Ilikuwa imevimba kwa ukoko mweupe, mnene, na palipobanduka pameacha wekundu wa kutu. Harufu ikanipata sijajiandaa: chuma kilicholowa, tope la moto, na kitu kama yai lililochemshwa likasahaulika. "Hii ni chokaa ya maji tu, mama," akasema. "Nipe nyundo niigonge kidogo, itabanduka yote." Nikamwambia atoke nyumbani kwangu.

Alitoka na begi lake huku anageuka nyuma, anatafuta kosa lake. Hakuwa na kosa. Nilikaa bafuni peke yangu na ile koili mapajani, nikatukana mpaka nikachoka. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Wanangu wanajua, na mume wangu, Mungu amrehemu, alijua zaidi yao. Hasira hasara, ndivyo wanavyosema, na hasara nimeipata. Lakini hasira yangu ina mwanzo na naujua ulipo, na nyie wa rika langu mliolelewa kwenye maboma kama letu mtanielewa. Kunihurumia msijisumbue.

Nimekulia kwa Bibi, kijijini, upande wa Butiama. Namuita Bibi, lakini hakunizaa mimi wala hakumzaa mama yangu. Alimuoa mama yangu. Msiotoka Mara msitoe macho, ni desturi, inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke amefiwa na mume, hana mtoto wa kiume, basi anatoa ng'ombe wake anaoa binti, binti anamzalia, na watoto wanakuwa wa boma lake. Mwanaume anayekuja kulala pale hahesabiki. Wangu, aliyenizaa, alikuwaga anakuja na baiskeli, kisha akaacha kuja, na habari zake zimeishia hapo. Mama aliolewa azae mvulana wa kurithi boma. Akanizaa mimi, na baada yangu hakuzaa tena pale.

Bibi alikuwa amefanya kazi ya kufua katika hospitali ya misheni, miaka yake yote ya nguvu. Mashuka meupe, magauni meupe ya manesi, vitambaa vya altareni. Alijua weupe wa kila aina. Hospitali ilipoletewa mitambo mipya, lile boila la zamani likatupwa nje kwenye majani, na Bibi akaliomba. Likaja nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Lilikuwa pipa la chuma, kubwa, likalazwa juu ya jiko la tofali nje ya ukuta wa nyumba. Juu lilikuwa na mdomo wa mraba wenye mfuniko, kwa kutilia maji. Chini lilikuwa na koki ya kumwagia tope. Ubavuni likatoka bomba lililotoboa ukuta mpaka bafuni kwa Bibi. Unachochea kuni huku nje, yeye kule ndani anafungua maji ya moto kama mzungu.

Kijiji kizima hakikuwa na kitu cha namna hiyo. Wageni wakija, kabla hawajakaa, Bibi anawapeleka bafuni, anafungua bomba, anawaamuru watie mkono. "Mmeona? Mimi siletewi maji ya kuoga kwa ndoo," anawaambia. Muongo! Ndoo zilikuwa zinabebwa, tena nyingi, kutoka kisimani mpaka kwenye ule mdomo wa juu, ngazi moja moja, na mbebaji alikuwa mama yangu. Sema hizo ndoo hakuna mgeni aliyeonyeshwa.

Na maji ya kisima chetu yalikuwa magumu. Sabuni haitoi povu, chai inafanya utando, maharage yanachemka kutwa nzima bado yanakutazama. Ukiyachemsha ndani ya chuma kila siku yanaacha kitu. Juu kilikuwa kinakaa tope, jekundu, laini kama uji wa ulezi. Chini ya tope ulikuwa umeganda ukoko, mgumu, wa miaka, kuanzia enzi za hospitali. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Mama alikuwa analisafisha. Analiacha lipoe tangu jana yake, anafungua koki, linatapika lile jekundu mpaka kwenye migomba. Kisha anapanda ngazi, anaingiza kijiti kirefu chenye matambara, anakoroga, anamwaga ndoo ya maji safi, anakoroga tena. Mimi nilikuwa namshikia ngazi. Nilipenda ile siku, kwa sababu Bibi hakupenda harufu ya tope na alikuwa anakwenda kukaa kwa majirani, na Mama alikuwa anazungumza nami kwa sauti yake ya kawaida. Mbele ya Bibi alikuwa na sauti nyingine, nyembamba, ya kuitikia tu.

Siku moja nilipanda mimi. Nilikuwa na miaka kama tisa, mwembamba, nikaingia mdomo wa boila mpaka kiunoni na kulala juu ya chuma baridi. Nikanyoosha mkono mpaka chini kabisa na kuanza kuukwangua ule ukoko kwa kucha. Mama akanivuta miguu, akanishusha, akanichapa kofi la mgongo.

"Hapo chini hapaguswi."

"Kwa nini, Mama? Si ndipo kunakotoka uchafu?"

"Nimesema hapaguswi. Unanisikia?"

Kwetu mtoto haulizi mara mbili, ukiuliza mara ya tatu unakula mti. Kwa hiyo swali nililijibu mwenyewe, na nikalijibu vibaya: nikaamua kwamba Mama ni mvivu. Bibi alikuwa anasema hivyo asubuhi na jioni, "mvivu, mvivu, mwanamke mvivu hazai," na mimi nilikuwa nambishia moyoni. Lakini siku ile nilijiambia, kumbe kweli. Anatoa tope la juu linaloonekana, uchafu wenyewe anauacha kule chini. Bibi akimchukia ana haki kidogo. Naona aibu kuandika hivi. Mama alikuwa ananimegea mgongo wa sato yeye anakula mkia, na mimi nakaa nampima uvivu.

Sasa Bibi. Nimwelezeje bila kutema mate? Alikuwa na magoti yanayomuuma, hilo kweli, na kila jioni alikuwa analowesha magoti kwa maji ya moto. Kila jioni maji yakitoka na wekundu kidogo, tunasikia kutoka bafuni: "Njoo uone! Njoo uone unavyoniogesha tope! Unataka nife unirithi?" Mama anakwenda, anasimama mlangoni, anasema, "Samahani, Mama." Ukuta ulikuwa mwembamba na nilikuwa nasikia yote. Bibi anasema: ng'ombe wangu walipotea njia. Ng'ombe wangu wangezaa zaidi wangebaki zizini. Mama anasema samahani. Nilikuwa nashika mto kwa meno ili nisipige kelele, na nilikuwa namuombea yule bibi mabaya ambayo padri angeyasikia asingenipa komunyo.

Halafu likaja jambo la gauni. Bibi alikuwa na gauni moja jeupe la kanisani, alishonewa na masista alipostaafu. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa, alilifua mwenyewe, kwa maji ya moto, kwa mikono aliyofulia hospitali nzima. Jumamosi moja akaliloweka kwenye beseni bafuni, akafungua bomba kuongeza maji ya moto, akatoka kidogo kutafuta sabuni. Aliporudi, beseni lilikuwa la rangi ya chai. Boila lilikuwa limetoa tope lake palepale, kwenye gauni. Kutu ya maji haitoki kwenye nguo nyeupe, mnajua, na mfuaji anajua kuliko wote. Alilisugua kwa ndimu na chumvi, akalianika juani, akalisugua tena. Likabaki na madoa ya kahawia kifuani na begani.

Hakupiga kelele siku hiyo. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Alimwita Mama, na mimi nikabana sikio ukutani.

"Mimi nimefua mashuka ya watu waliokufa," akasema Bibi, taratibu. "Damu nimeitoa, usaha nimeutoa. Hakuna aliyewahi kuniletea nguo ikarudi na doa. Leo nimevikwa doa na mwanamke niliyemuoa kwa ng'ombe zangu."

"Samahani, Mama."

"Samahani yako weka. Mwisho wa mwezi huu, kama maji yale hayajawa meupe, unarudi kwenu Bunda. Mtoto anabaki. Mtoto ni wa boma hili."

 Kisha Mama akasema, "Mtoto ni wa boma, najua," na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.  Nilijua desturi kama watoto wote walivyoijua: anayetoa ng'ombe ndiye mwenye watoto. Mama akiondoka haondoki nami. Nitabaki na Bibi, chumba kwa chumba, hadi mmoja wetu afe.

Nililala vibaya wiki nzima. Mama, ajabu, alilala vizuri. Alifanya kazi zake, akabeba ndoo zake, na nilipomuuliza, "Mama, tutafanyaje na maji?" akaniambia, "Maji ni maji, wewe soma." Nikafikiri amekata tamaa. Nikafikiri amekuwa kama wale kuku waliofungwa miguu sokoni, hawahangaiki tena. Basi nikaamua nitafanya mimi. Kama uchafu uko chini, nitautoa chini. Maji yakiwa meupe Bibi hatakuwa na neno, na Mama atabaki. Ilikuwa hesabu rahisi, na niliiona nzuri sana.

Nilisubiri Alhamisi. Alhamisi Bibi alikuwa anakwenda jumuiya, kusali kwa zamu katika nyumba za wanajumuiya, na harudi kabla ya saa kumi. Mama alikuwa shambani kwenye mihogo, mbali kidogo. Shule nikatoroka. Moto wa boila ulikuwa haujawashwa tangu jana yake. Jioni ya nyuma nilikuwa nimekwisha kuokota ukwaju, kanga nzima, nikauloweka kwenye ndoo na kuificha nyuma ya banda la mbuzi. Hilo la ukwaju nililisikia kwa Bibi mwenyewe. Alikuwa anasimulia kwamba mafundi wa hospitali walikuwa wanapaka mabomba kitu kikali chenye uchachu kabla ya kuyakwangua. Mimi kitu kikali chenye uchachu nilichokijua ni ukwaju.

Nikafungua koki, tope likatoka. Nikapanda, nikamwaga ndoo ya ukwaju ndani, nikaingiza kichwa kutazama. Ukoko ukaanza kutoa mapovu madogo, unatoa sauti kama mafuta yanayoanza kupata moto. Nilicheka peke yangu mle ndani, na kicheko kikanirudia kikubwa. Nilikaa muda mrefu, sijui saa ngapi. Kisha nikachukua tindo na nyundo kutoka sanduku la marehemu mume wa Bibi, ambalo nalo lilikuwa haliguswi, nikaingia mpaka kiunoni, nikagonga.

Mnajua ile raha ya kubandua ukoko wa wali ukatoka mzima? Ilikuwa raha ya namna hiyo. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La kumi likatoa kipande kama kigae. Baada ya hapo ulikuwa unatoka vipande vipande, mweupe juu, mwekundu chini, mnene kama kidole gumba cha mtu mzima. Masikio yalikuwa yananilia, pua imejaa vumbi la kutu, vifundo vya vidole vinavuja damu, na nilikuwa nagonga na kusema kimoyomoyo: hiki cha magoti yako, hiki cha gauni lako, hiki cha "mvivu hazai." Nilijaza ndoo mbili za vigae. Nikafuta kwa matambara, nikasuuza mara tatu. Chini kukabaki chuma chenyewe, cheusi, chenye vishimo vishimo, na nilipopitisha kiganja niliona kimekuwa chembamba mahali fulani, kinabonyea kidogo. Sikujua maana yake. Niliona pasafi, basi.

Vigae nikavitupa shimo la choo. Nikabeba maji, ndoo ndogo ndogo, mpaka boila likajaa. Nikawasha moto kwa kuni kavu za Bibi, zile alizokuwa ameziweka kwa Pasaka. Nilitaka akirudi kutoka jumuiya afungue bomba, maji yatoke meupe kama ya sakramenti, na amwite Mama amwambie maneno mazuri, ya kwanza katika maisha yao.

Alirudi kabla maji hayajachemka. Alikuwa anavua viatu barazani nilipoanza kusikia mlio. Fyuuu, mfupi. Kisha mwingine. Nikainama kutazama jiko, nikaona tone linaangukia kaa la moto, na jingine pembeni yake, kisha matone yakawa uzi, na uzi ukawa nyuzi tatu nne, na ghafla tumbo lote la lile boila likafunguka na maji yakashuka juu ya moto. Mvuke ukapanda na majivu, mpaka kwenye dari ya baraza. Nilikimbia nyuma ya nyumba. Ndiyo, nilikimbia. Nilikuwa na miaka tisa, lakini hiyo miaka tisa haijawahi kunitosha kujisamehe.

Bibi alifika jikoni kwa magoti yale yale aliyosema hayatembei. Sijasikia mtu akipiga yowe hivyo, hata msibani. Majirani wakaja. Mama akaja kutoka shambani, jembe begani, miguu ina udongo, anatembea tu, hakimbii. Bibi akamrukia, akamkunja kanga shingoni.

"Umelitoboa! Umelitoboa boila langu, mchawi wewe! Sema! Si ni wewe?"

Mama akatazama jiko lililolowa. Akanitazama mimi, nimejibanza pembeni ya ukuta, masizi usoni, vidole vyekundu kwa kutu na damu. Tulitazamana.  Mama akamgeukia Bibi akasema, mbele ya majirani wote:

"Ndiyo. Ni mimi."

Kesho yake kikao kilikaa. Akaja Babu mdogo, ndugu wa marehemu mume wa Bibi, mtu mpole asiyependa makelele. Akamuuliza Mama, "Mwanangu, una neno la kujitetea? Chuma kinaweza kuchoka chenyewe, hata mimi naona kilikuwa kimezeeka." Alikuwa anamtupia kamba, yule mzee, hata mtoto aliiona. Mama akasema, "Sina neno, Babu." Akauliza mara ya pili. "Sina." Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, naomba Mungu anipe ulimi, na Mungu hakunipa. Bibi akamwambia arudi kwao, na mchana Mama akafunga nguo zake ndani ya kitenge. Akanishika kichwa, akaniambia, "Msikilize bibi yako," akaondoka na njia ya barabarani. Hakugeuka. Nikajua hageuki kwa sababu anajizuia kulia.

Miaka iliyofuata sitaisimulia yote, maana wengine mnasoma baada ya kula. Boila lilikatwa, likawa birika la kunyweshea ng'ombe. Maji ya magoti ya Bibi nilichemsha mimi, kwa sufuria, nikabeba mimi, kwa ndoo, mbele ya wageni. Kila jioni alikuwa ananisimulia jinsi mama yangu alivyolitoboa kwa wivu, na kila jioni nilikuwa namwaga maji nimenyamaza, kwa sababu kama ningesema kweli ningeharibu alichokifanya Mama. Ndivyo nilivyoamini: amebeba kosa langu, ameondoka kwa ajili yangu, na deni hilo ni kunyamaza. Bibi alipokufa, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilikwenda maziko na sikutoa chozi. Wanawake wa ukoo walinong'ona. Waache wanong'one. Nilimchukia hai na sikuona sababu ya kumpenda maiti.

Mama aliolewa tena Bunda, na mkulima wa pamba, akazaa wavulana watatu. Watatu! Bibi alikuwa hai alipozaliwa wa kwanza, na habari zilimfika, na hiyo ilikuwa siku njema kwangu. Tumekutana na Mama kwenye misiba na harusi, tunasalimiana, anawaulizia wajukuu, naleta kilo za sukari. Hatukuwahi kuligusa lile jambo. Nilikuwa naona aibu, na nilikuwa nafikiri yeye ananihifadhi nisiaibike. Hadi juzi, baada ya yule fundi. Nikasema, sasa basi, mama huyu ni mzee, atakufa bila kusikia neno la samahani kutoka kinywani mwangu. Kesho yake nikapanda gari la Bunda.

Nilimkuta barazani, anapeta mtama. Amezeeka vizuri, mwembamba, macho makali. Mkwe wake mmoja alikuwa anapika uani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona bila taarifa? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kusema kitu." Nikakaa chini, kwenye sakafu, kama mtoto, na mimi ni bibi wa watu. Nikamwambia yote. Ukwaju, tindo, vigae, shimo la choo. Nikamwambia nilimuona anakubali kosa langu mbele ya watu na nikanyamaza, na nimenyamaza miaka yote hii, na naomba anisamehe. Nililia. Mimi, ambaye sikulia kwa Bibi wala kwa mume wangu, nililia mpaka mkwe akachungulia.

Mama aliendelea kupeta. Akapuliza makapi. Kisha akasema:

"Nilikusikia."

"Ulinisikia wapi?"

"Siku ile. Nilikuwa nimesahau maji ya kunywa, nikarudi nyumbani. Nikakusikia unagonga. Nikasimama nyuma ya ghala."

Sikuelewa. Nikamuuliza kama alijua nagonga wapi.

"Chini," akasema. "Sauti ya chini naijua. Lile pipa hospitali walilitupa kwa sababu lilikuwa limetoboka, yule bibi yako akajifanya haoni. Ukoko ndio ulikuwa umeziba. Ungeutoa, limekufa. Mimi nilijua tangu mwaka wa kwanza."

"Sasa mbona hukunizuia?"

"Nilisikiliza mpaka ukamaliza. Kisha nikarudi shambani." Akaweka ungo chini, akanitazama, na hakukuwa na ubaya usoni mwake, hilo ndilo lililoniumiza. "Mwanangu, nilikuwa natafuta njia ya kutoka pale kwa miaka. Ningetoroka, wangenifuata, wangedai ng'ombe kwa baba yangu. Lakini akinifukuza mwenyewe, mbele ya watu, yamekwisha. Babu yule alikuwa karibu kuniharibia, anauliza na kuuliza."

Nilikuwa sina machozi tena. Yalikauka palepale, nikahisi uso unanivuta. Nikamuuliza swali moja, taratibu kabisa, kwa sauti ambayo wanangu wakiisikia wanatoka chumbani.

"Na mimi? Ulinifikiria mimi?"

Akafikiri. Namshukuru kwa hilo, hakudanganya, alifikiri kwanza.

"Nilikufikiria," akasema. "Nilikufikiria mpaka nilipofika barabarani. Halafu gari likaja."

Nikasimama, nikajikung'uta makapi ya mtama kwenye gauni, nikachukua mkoba wangu.

"Sasa unakwenda wapi?" akaniuliza. "Si chakula kinaiva?"

Nikamwambia nakwenda barabarani.